Haller Park, Bamburi: mahali pa kuwatazama wanyama wakiwa wamelala

Wengi wanaoingia Haller Park hufuata saa za kulisha. Kwa kawaida twiga hulishwa saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, na viboko saa kumi. Ulizia langoni kabla ya kupanga siku, maana ratiba yaweza kubadilika. Kwa watoto hiyo ni burudani tosha. Lakini yale machimbo ya kiwanda cha saruji ambayo René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kuyapanda mivinje mwaka 1971 leo yana jambo jingine ambalo wageni hulipita bila kulitazama: mamba, kiboko, twiga, kobe na ndege wa majini wamo ndani ya matembezi mafupi, na kila mmoja analala kwa namna yake. Kwa anayetaka kuuona usingizi jinsi ulivyobadilika kwa kufuata chakula na hatari, Mombasa haina bustani bora kuliko hii.

Anzia kwa mamba, na uwape muda kuliko wengine wote. Mwaka 2015 watafiti wa Australia waliwarekodi mamba wachanga wa maji ya chumvi kwa kamera za gizani, wakaona kwamba mara nyingine hufumba jicho moja tu. Mtu alipowekwa karibu nao, jicho lililobaki wazi lilielekezwa kwake, na hata alipoondoka liliendelea kutazama pale alipokuwa. Mamba wa Bamburi ni wa Nili, si wa jamii ile iliyotazamwa, kwa hiyo usiende ukidhani utaoneshwa jibu lililokwisha kuthibitishwa. Nenda ukachunguze.

Namna ya kuchunguza ni hii. Chagua mamba mmoja aliye nchi kavu, simama ubavuni mwake bila kuzungumza kwa dakika kumi, ukitumia darubini. Andika jicho lipi limefumba. Kisha zunguka taratibu hadi ubavu wa pili, ungoje dakika kumi nyingine. Mambo mawili huwapotosha watu hapa. La kwanza ni kope la tatu, utando unaopitisha mwanga ambao huteleza juu ya jicho. Ukiuona, jicho laonekana kama limefifia, lakini hilo si kufumba. Kufumba ni pale ngozi yenyewe inapolifunika jicho lote. La pili ni kinywa kilichoachwa wazi: hapo mamba anapunguza joto la mwili, na hakikuambii kama yu macho au amelala. Akitokea mgeni akarusha kijiwe, kazi imeharibika. Hamia kwa mamba mwingine, kwa sababu huyo aliyeshtuliwa hatatulia karibuni.

Kwa viboko, saa kumi ni saa mbaya. Wakati huo wanangojea chakula. Fika adhuhuri. Porini kiboko hutoka usiku kula nyasi, ambazo huweza kufikia kilo 40 kwa usiku mmoja, na mchana ndio wakati wake wa kulala majini. Washa saa ya simu pua zinapozama, uizime zinapoibuka. Mkubwa huibuka kila baada ya dakika tatu hadi tano hivi, avute pumzi, azame tena, na hilo hulifanya hata akiwa usingizini. Usiseme kiboko hayupo mpaka umesubiri walau dakika sita, hasa pale maji yanapokuwa na matope.

Twiga ndiye atakayekupa shida, na sababu ya shida hiyo ndiyo somo lenyewe. Wanaofugwa wamepimwa, na jumla ya usingizi wao ni kama saa nne na nusu kwa siku, sehemu kubwa ikiwa usiku. Usingizi wa ndoto huja kwa dakika chache tu: twiga hulala chini, akaipinda shingo nyuma na kukilaza kichwa juu ya kiuno chake. Katika usingizi huo misuli hulegea, hawezi kusimama, na kuinyanyua miguu mirefu kama ile huchukua muda ambao simba haupotezi. Uzio wa Bamburi hauna simba, lakini twiga wake wamerithi maelfu ya vizazi vya tahadhari, na miaka michache ya kulishwa kwa mkono haiwezi kuufuta urithi huo. Kwa hiyo unachokiona mchana, macho nusu wazi na masikio yameshuka, ni usingizi wa mang'amung'amu. Tazama shingo: donge likipanda kutoka chini na taya likaanza kusaga, anacheua. Pofu na wacheuaji wengine bustanini watazame kwa jicho hilohilo.

Kobe wakubwa wa Aldabra hawahitaji maelezo marefu: jua likikaza hujinyoosha kivulini, na gamba linawapa raha ya kutokuogopa. Bado wageni huulizia Owen na Mzee, mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, na kobe ambaye alikuwa akilala kando yake. Ndama wa kiboko hulala akimgusa mama, kwa hiyo lile pendo lilikuwa na mizizi katika namna anavyolala.

Kwenye madimbwi, wakiwapo ndege waliojipanga, tazama wa pembeni. Utafiti wa mwaka 1999 juu ya bata ulionesha kwamba wa mwisho mstarini huliacha wazi jicho la upande wa nje, huku nusu moja ya ubongo ikilala na nyingine ikilinda. Wa katikati hulala kwa macho yote mawili mara nyingi zaidi.

Kutoka mjini, matatu za Mtwapa zinazovuka daraja la Nyali zitakushusha kwenye barabara ya Malindi karibu na lango. Chagua siku ya kazi nje ya likizo za shule. Kelele za makundi huamsha kila kitu. Darubini ya 8x42 inatosha, pamoja na maji na dawa ya mbu. Ukichukua mwongozaji, elewana naye mapema kwamba mtasimama sana na kutembea kidogo, maana ziara ya kawaida hukimbizwa na haitakufaa.

Upungufu mkubwa ni kwamba bustani ni ya mchana. Twiga anapopinda shingo, lango limeshafungwa. Kamera moja ya kuonea gizani kwenye eneo la twiga, na skrini langoni ya kuwaonesha wageni wa asubuhi dakika zile chache za usiku, ingeongeza thamani ya tiketi kuliko ndoo nyingine ya chakula cha kulishia.