Ua la mkrismasi: rangi ya tyubu au rangi ya kopo?

Ukitaka kuchora ua la mkrismasi likajaza turubai nzima, Dar es Salaam una njia mbili: rangi ya mafuta ya tyubu, au ile ya kopo inayong'aa, iliyopata sifa kwa Edward Saidi Tingatinga na wafuasi wake tangu mwishoni mwa miaka ya 1960.

Ya kopo ipo kila duka la vifaa vya ujenzi na hukauka upesi. Mstari hubaki mkali. Furaha na vituko inavimudu, huzuni, hapana.

Mimi niko na ya mafuta. Mafuta ya kitani yaliyomo ndani yake hayakauki kama maji. Hugandishwa na oksijeni polepole, siku kadhaa. Basi ule wekundu unauvuta kwa brashi, taratibu, hadi uyeyukie kwenye petali moja nyeupe yenye madoadoa, pasionekane mpaka. Hapo ndipo hamu au uchungu hupata pa kukaa. Georgia O'Keeffe wa Marekani alijaza turubai hivyo mwaka 1932: ua jeupe, hakuna chombo wala meza.

Bei ya tyubu inauma, lakini. Na ukipanga chumba kimoja Sinza, harufu ya tapentaini ya kuyeyushia rangi hiyo utaulizwa na mwenye nyumba.