Kuchagua darubini na pete za bunduki ya kuwindia

Mwindaji mwenye kibali cha silaha na leseni ya uwindaji, anapokwenda kununua darubini ya bunduki yake, aghalabu huulizia kwanza inakuza mara ngapi. Swali linalostahili kutangulia ni hili: bunduki yake imetengenezwa kushika darubini kwa njia gani? Darubini nzuri iliyofungwa kwa pete (vibano vinavyoishikiza kwenye bunduki) zisizoifaa huhama kidogo kidogo kila risasi inapopigwa, na mnyama aliyejeruhiwa akaingia kichakani ni mateso kwake mwenyewe na hatari kwa anayemfuata.

Bunduki za CZ, kampuni ya Ucheki, zinaonyesha vizuri ugumu huu. CZ 550, ambayo wawindaji wengi wa Afrika wameizoea, ina kikalio cha kushikia pete kilichochongwa kwenye chuma chake chenyewe, chenye upana wa milimita 19. Ndugu yake mdogo, CZ 527, ana milimita 16, na CZ 452 ya risasi ndogo ina milimita 11. Kwa hiyo kumwambia muuzaji kwamba unataka pete za CZ hakutoshi. Taja namba ya modeli ya bunduki. Ruger M77 nayo hushika pete zilizotengenezwa kwa ajili yake. Bunduki za zamani za Mauser zilizotokana na zile za kijeshi zina shida zaidi, kwa kuwa mkono wa kukokia na kile kizuizi cha usalama kinachogeuzwa juu huigonga darubini, na vyote viwili hubidi kubadilishwa na fundi wa silaha mwenye leseni kabla ya kufikiria kununua darubini.

Kama bunduki yako ina reli ya Picatinny, yaani ukanda wenye mifuo ya kushikia pete juu ya bunduki, uko mahali pazuri. Reli hiyo hufuata kiwango cha jeshi la Marekani cha mwaka 1995, ambacho kiliweka upana wa kila mfuo kuwa milimita 5.23 na umbali kati ya mfuo na mfuo kuwa milimita 10.01. Reli ya Weaver hufanana nayo kwa macho, lakini mifuo yake ni myembamba zaidi na nafasi zake hazina kipimo kimoja. Pete za Weaver kwa kawaida huingia kwenye Picatinny, ilhali pete za Picatinny mara nyingi hugoma kuingia kwenye Weaver.

Pete lazima zilingane na bomba la darubini: milimita 25.4, yaani inchi 1, au 30, au 34. Wauzaji hupenda kusema kwamba bomba nene huleta mwanga zaidi. Si kweli, faida yake kubwa ni nafasi zaidi ya kurekebisha shabaha. Upana wa mwale wa mwanga unaolifikia jicho hupatikana kwa kugawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa idadi ya mara inazokuza, na mboni ya kijana gizani hufunguka takriban milimita 7.

Kwa hesabu hiyo, chaguo langu la kwanza kwa pori la miombo ni darubini ya kukuza mara 1.5 hadi 6 yenye lenzi ya milimita 42. Hata ikikuza mara 6 bado hutoa milimita 7 kamili alfajiri, na ikishushwa hukuruhusu kumwona mnyama aliye karibu pamoja na yaliyomzunguka. Ya pili ni ile ya 3 hadi 9 yenye lenzi ya 40, ambayo hupatikana kwa urahisi na hufaa zaidi kwenye mbuga zilizo wazi. Ya tatu ni ya mara 4 isiyobadilika, yenye lenzi ya 32: nyepesi, imara, na ndiyo ningemshauri mwenye fedha kidogo ainunue badala ya darubini hafifu yenye namba kubwa. Ya mwisho ni 4 hadi 16 yenye lenzi ya 50. Lenzi hiyo hudai pete ndefu, shavu linainuka kutoka kwenye kitako, na kulenga kwa haraka kunaharibika.

Mwenye bunduki ya risasi kubwa ya .375 H&H aongeze sharti moja: umbali kati ya jicho na kioo uwe takriban sentimita 10, kwa maana bunduki hiyo hurudi nyuma kwa nguvu na ukingo wa darubini huweza kumpasua nyusi. Pete zake ziwe za kufunguka haraka, ili shabaha ya kawaida iliyo juu ya mtutu itumike darubini ikiharibika. Skrubu za pete zikazwe kwa bisibisi yenye kipimo, karibu nyutoni-mita 2 au kama mtengenezaji alivyoandika, kwa kuwa mkono mzito hulibonyeza bomba. Kisha jaribu kulenga kwenye uwanja wa shabaha kabla ya safari, na rudia tena ukifika kambini, maana barabara mbovu huweza kulegeza pete.