Tahadhari kwa wenye nyumba Unguja: usimwachie hati "fundi wa mikataba"

Asalaam aleikum. Wenye nyumba za kukodisha Fuoni, Tomondo, Kiembesamaki na kwengineko, nisomeni kabla hati hazijatoka mikononi mwenu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Fuoni, kwenye nyumba ya marehemu baba, namsimamia fundi rangi. Kikasimama kigari cha mizigo getini: godoro, jiko la gesi, mke, mume na mtoto kalala begani. Mume akatoa mkataba. Nyumba yetu, namba ya hati yetu, kodi ya miezi sita kalipa taslimu. Kuoneshwa nyumba kaoneshwa kwa dirishani, eti ufunguo anao fundi. Mie simjui, yeye hanijui.

Chanzo ni mie mwenyewe. Mwezi uliopita nilielekezwa kwa kijana mwenye meza ndani ya steshenari moja mjini, anajiita mshauri wa mikataba. Kwa 180,000 angenimalizia kila kitu: mkataba, barua ya sheha, na ushuru wa stempu angekwenda kuulipa yeye. Mtanashati, insha-Allah haimtoki mdomoni. Akataka hati halisi "siku mbili tu, ya uhakiki". Nikampa. Hati ilirudi, risiti ya stempu mpaka leo sijaiona.

Baada ya Jumamosi ndipo nikakaa kuusoma mkataba wangu neno kwa neno, na haya zikanishika. Kifungu cha tisa: migogoro ipelekwe kwa "Afisa Mtendaji wa Mtaa". Huyo hapa kwetu yuko wapi? Sisi tuna sheha. Chini yake imetajwa Sheria ya Ardhi Sura ya 113, ambayo ni ya Bara. Yetu ni namba 12 ya 1992. Kachukua mkataba wa Dar, kabadilisha majina, basi. Na muhuri kwenye barua ya sheha umeandikwa "Wilaya ya Magharibi". Sheha wetu alivaa miwani, akaisogeza karatasi mwangani, akasema, "Mwanangu, Magharibi ishagawanywa zamani, sisi ni B. Na mbona mie sikukuona hapa?" Kweli hakuniona. Kwake ni dakika kumi kwa miguu, nami nimelipa mtu anifuatie barua.

Yule baba wa watu kapoteza 1,200,000, na usiku ule wamelala kwa shemeji yake. Tumekwenda polisi pamoja. Pale penye meza sasa pana mashine ya laminesheni, mwenye duka anasema yeye alimkodisha nafasi tu, na simu haipatikani.

Kwa hiyo kwa sheha nenda mwenyewe, na mpangaji wako mchukue na kitambulisho chake aandikwe. Stempu lipa mwenyewe ZRA (Mamlaka ya Mapato Zanzibar), uondoke na risiti. Hati halisi isilale kwa mtu. Hata fotokopi, andika juu yake kwa peni imetolewa kwa nani, kwa kazi gani, tarehe gani. Nyumba ikiwa ya urithi kama hii yetu, warithi wote watie saini. Hilo yeye hakuniuliza hata mara moja, na mie sikushtuka.

Kama hati yako ilipita kwenye meza ile hata usiku mmoja, fungua mkataba wako kifungu cha tisa. Ukimkuta huyo Afisa Mtendaji, niandikie faragha tuongeze jina lako kwenye jalada la polisi.