Banda la Ghorofa la Bata Mzinga: Chuma Safi, Lakini Hili Bomba!

Haya haya, jamani karibuni. Leo si kuku wala kware, leo ni bata mzinga, na mzigo wenyewe ndio huu nyuma yangu. Banda la chuma, la ghorofa, lile mnalonitumia picha zake kila siku inboksi mkiuliza "kaka, tununue au tuache?" Nimelinunua kwa hela yangu, sijapewa na mtu, kwa hiyo nasema bila kupepesa macho.

Vipimo sisomi, viko kwenye tangazo la wauzaji. Bati poa, rangi poa. Kuchomelea, fundi kajitahidi: napitisha kidole hapa kwenye kona, hakuna ncha ya kunichana. Wavu nao si ule mwepesi wa kuku ambao mbwa akiung'ang'ania kwa meno unaachia. Huu umechomelewa kila kiungo, na kwa matundu haya nguchiro hapiti. Hapo nawapa heko.

Sasa njooni ndani. Dogo, sogeza kamera. Mnaliona hili bomba? Hapa ndipo waliponiudhi.

Bata mzinga usiku hataki kulala chini. Asili yake ni kulala juu ya miti, ndiyo maana huku Mbezi ukimwacha wazi jioni utamkuta juu ya mwembe au ukutani kwa jirani, na kesi ni yako. Kwa hiyo banda lazima liwe na mti wa kulalia. Wao wameweka nini? Bomba la chuma, la duara, inchi moja, juu kabisa karibu na bati! Hiyo ni hesabu ya kuku wa kienyeji wa kilo 2. Dume huyu hapa anapita kilo 10.

Mwangalieni akipanda. Anapiga mabawa... kasimama. Tazama miguu tu, achana na mkia. Vidole vimejikunja kuzunguka bomba, anayumba, anashika tena, anayumba. Uzito wote ule umekalia kipande kidogo katikati ya unyayo. Ngoja ashuke. Puu! Mmesikia? Kila alfajiri anatua hivyo kwenye sakafu ngumu. Unyayo ukichubuka, bakteria wanaingia, unavimba, unaota gamba jeusi, ndege anachechemea na kula anaacha. Na hebu shika bomba hili saa nane mchana, jua la Dar, chini ya bati. Mmeona nilivyotoa mkono?

Upande huu nimeling'oa. Nimeweka mbao ya mbili kwa nne kutoka Manzese, nimeilaza kwa upana, kingo nimezipiga randa, na kimo chake ni hapa magotini kwangu. Tazama sasa. Kapanda bila kelele, unyayo umetandazika wote, kifua kimetulia juu ya mbao. Mbao tu, jamani! Karakana nzima hakukuwa na kipande?

Kabla sijasahau, Jumamosi usiku tuko laivu, tunaongelea vifaranga, maana ndio wanaowamaliza watu. Bonyeza kengele.

Halafu hii ghorofa yao. Tangazo linasema kuku juu, bata mzinga chini. Tusidanganyane! Kuku ana minyoo ya utumbo, na mayai ya minyoo hiyo yanabeba kimelea ambacho kuku mwenyewe mara nyingi hakimsumbui. Bata mzinga akidonoa kinyesi chenye mayai hayo, ini linaharibika, anaharisha njano, anakufa. Na mayai hayo yanakaa udongoni miaka. Wewe ndiyo unamjengea kuku choo juu ya kichwa cha bata mzinga? Huko juu mimi naweka maranda na vyombo. Basi.

Wapo wanaosema afadhali lile la mbao la wale jamaa wengine. Ni rahisi kweli, na mti wa kulalia wao wameupatia. Ila masika moja tu, miguu inaanza kuoza, na mchwa nao hawakawii.

Bei: shilingi 650,000, bila usafiri. Nilipolipa niliona nimepigwa. Lakini nikiutazama wavu huu tena, na chuma kilivyopanda... sawa, si wizi. Ni ghali. Wangeweka mbao nisingelalamika. Hapana, ningelalamika kuhusu mlango: dume akiingia lazima ajibane, manyoya ya bawa yanakwangua fremu. Ona, haya hapa yamekatika.

Kwa hiyo ukiagiza, mwambie fundi kabla hajakata chuma: mlango upanuliwe, bomba asiweke kabisa, na ghorofa aitoe, bei ishuke. Wakikwambia haiwezekani, ondoka, mafundi wa kuchomelea wamejaa mjini. Na wa Kigamboni, kirikuu cha kulibeba hulipia na kivuko, wauzaji wamenipa bei ya usafiri huo kwa simu, nimeiandika chini ya video.