Niliomba nusu dakika, nikanyimwa

Jambo hili nimekaa nalo kifuani tangu msimu wa korosho ulipoanza kuchanganya. Nilisubiri kwanza jicho langu la kushoto lipone, maana siku zile za mwanzo ningeandika matusi. Jicho limepona. Hasira bado.

Ilikuwa sendofu ya mdogo wangu, hapa Mtwara mjini. Mama yetu ametangulia mbele ya haki, na mimi ndiye dada mkubwa, kwa hiyo siku ile nilikalia kiti cha mama. Kiti kile hukikalii uso mtupu. Nikaenda saluni moja ambayo mashoga zangu wote wanaisifu, sitaitaja jina, nikalipia huduma yao ya kupambwa na kutolewa: mchana wanakupamba, usiku ukitoka ukumbini unapita kwao wanakutoa kila kitu. Hiyo ya kutolewa ndiyo iliyonivuta. Kupambwa ningepambwa popote.

Macho yangu hayana uvumilivu. Nimekulia Tandahimba, na kila kiangazi tulipuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiriubwiri. Ukiwa upande wa upepo, ule unga wa njano unakuingia mpaka puani. Sisemi ndio ulioniharibia, hakuna daktari aliyewahi kuniambia hivyo, ila tangu utoto macho yananiwasha na kutoa machozi kwa moshi wa kuni, kwa vitunguu, hata kwa manukato ya abiria wa siti ya jirani. Kingo za kope huvimba, asubuhi naamka na matongotongo yaliyogandamana.

Yote haya nilimweleza mpambaji, na haki yake lazima nimpe: yule mama alinisikiliza. Alinipaka tone la gundi ya kope ndani ya kiwiko kwanza, akaniacha nikae, kwa sababu gundi nyingine zina utomvu wa mpira na wapo watu ambao ngozi zao zinaukataa. Alifungua maskara mpya mbele yangu, akasema iliyokwisha kufunguliwa miezi 3 haimgusi mteja wake, brashi inakuwa imebeba vijidudu. Penseli ya wanja aliichonga upya. Na wanja hakuupitisha kwenye ule ukingo wa ndani, panapolowa, kwa kuwa pale ndipo vilipo vitundu vinavyotoa mafuta ya kulainisha jicho, na ukiviziba jicho linakauka. Nilikaa kwenye kiti chake nikajisikia ninatunzwa. Mdogo wangu aliponiona alinishika mikono miwili akalia, akasema, "Dada, leo umekuwa mama kabisa." Ningeandika uzoefu wangu saa kumi ile ya jioni, ningewaambia wanawake wote wa Mtwara wahamie pale.

Sasa usiku.

Nilifika karibu saa tano. Mpambaji alikuwa ameitwa kwa bibi harusi mwingine Mikindani, amemwacha binti mmoja. Binti alikuwa amechoka, hilo nililiona na ninalikubali. Inaonekana alisimama tangu asubuhi. Akaniambia nikae, akachomoa waipsi kwenye pakiti, zile zinazonukia maua, akaanza kunisugua jicho. Kushoto kulia, kushoto kulia, kama anasugua sufuria lililoshika ukoko.

Nikamshika mkono. Nikamwambia taratibu kabisa, "Mdogo wangu, hii maskara haitoki kwa maji. Weka mafuta kwenye pamba, ilaze juu ya jicho, nusu dakika tu, halafu vuta kwenda chini. Itatoka yenyewe."

Akanijibu, "Dada, tukisubiri hivyo kwa kila mteja tutalala saa ngapi?"

Wateja wengine hawakuwepo. Nilikuwa peke yangu. Na kwenye rafu, nyuma ya bega lake, ilikuwepo chupa ya dawa yenyewe ya kazi hiyo, ile ya tabaka mbili, mafuta yamekaa juu na maji chini, ambayo unaitikisa kwanza ndipo unaimimina kwenye pamba. Imejaa. Nilikuwa naiangalia kwa jicho moja, la pili akiwa analisugua.

Kisha akazishika kope za kubandika kwenye kona na kuzivuta kavu kavu, gundi haijalainishwa hata kidogo. Nikapiga kelele. Akasema, "Vumilia dada, mvumilivu hula mbivu."

Methali ile mama alikuwa akituambia tukingoja mvua, tukingoja malipo ya korosho yaingie. Kumbe anayetakiwa kuvumilia ni mimi ninayeng'olewa kope, na yeye nusu dakika haiwezi!

Naeleza kwa sababu wengi tunafanyiwa hivi tukidhani ndivyo inavyotakiwa. Maskara isiyotoka kwa maji imetengenezwa kwa nta na vitu vya aina hiyo, ndiyo maana inastahimili jasho na machozi ya ukumbini. Maji hayaifanyi kitu. Mafuta ndiyo yanayoiyeyusha, lakini yanataka muda kidogo wa kupenya. Ukiusubiri, pamba inaondoka na kila kitu. Usiposubiri, inabidi usugue, na ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko ya sehemu nyingine yoyote mwilini. Kope zako halisi zinakatika, na vipande vya maskara na gundi badala ya kutoka vinaingia ndani. Chupa ya bei kubwa au ya bei ndogo, mkono usiosubiri utaumiza tu.

Usiku ule nililala kwa shangazi, Chikongola. Niliona kama mchanga wa Msimbati umemwagwa jichoni. Alfajiri halifunguki, machozi yanatiririka, taa ikiwashwa nageukia ukutani. Hospitali, daktari alinigusisha jichoni kikaratasi chembamba chenye rangi ya chungwa, akazima taa ya chumbani, akamulika kwa mwanga wa bluu. Akamwita shangazi aje aone. Palipokwaruzwa kioo cha jicho palikuwa panang'aa kijani, mstari mmoja mwembamba. Akasema bahati yangu haujaingia ndani, utajifunga kwa siku chache, akanipa dawa ya kupaka na kunikataza kulifikicha na kulipaka kingine chochote.

Harusi yenyewe ilikuwa Lindi, upande wa bwana harusi, mwishoni mwa wiki hiyohiyo. Nilikwenda. Basi linapita Mingoyo mimi nimefumba macho yote mawili kwa sababu ya vumbi na jua. Kwenye picha zote za ukumbini, usiku, taa za rangi, nimevaa miwani ya jua. Zote. Mdogo wangu ananiambia nimependeza, lakini najua alitaka sura ile ya kwenye sendofu iwe pembeni yake siku ya ndoa, na hakuipata. Hili ndilo linaloniuma kuliko jicho.

Jicho la kulia ndilo lililosalimika, kwa sababu baada ya kope zile kung'olewa nilisimama nikaondoka, la kulia likiwa na maskara yake yote. Shangazi ndiye aliyelitoa. Hajawahi kuingia saluni huyu mama. Alichukua pamba, akailowesha maji kidogo akaikamua, ili isiyanywe mafuta yote na nyuzi zisitawanyike. Akatia mafuta ya nazi. Akaniambia nifumbe, akailaza pamba bila kukandamiza, kisha akasoma Alhamdu kimyakimya, mara mbili. Hiyo ndiyo saa yake. Alipomaliza akaivuta kwenda chini, kufuata kope zilivyoota, mara moja, akageuza pamba upande msafi, akarudia. Kwenye kona akatumia kijiti cha pamba. Mwisho akaniosha kwa maji ya uvuguvugu na povu kidogo la sabuni ya mtoto, nikiwa bado nimefumba, maana mafuta yakiachwa yanatia ukungu machoni na kuziba vile vitundu nilivyosema. Akanikausha kwa kanga kuukuu kwa kugusagusa, bila kufuta. Sikusikia chochote. Jicho moja kijani kwa mkwaruzo, la pili kama la mtoto mchanga, usiku mmoja, uso mmoja.

(Mafuta ya nazi ni ya juu ya kope na jicho limefumbwa. Msiyamimine ndani. Na ukivaa lenzi, zitoe kabla ya kuanza lolote.)

Niliporudi kutoka Lindi nilikwenda saluni. Nilikwenda kugombana, sifichi. Mwenye saluni, yule yule mpambaji, alisimama akanipokea, akasikiliza mpaka mwisho, akafungua droo akataka kunirudishia hela zote. Akasema, "Dada yangu, nisamehe. Yule binti nilimfundisha kupaka. Kutoa sikumfundisha." Nikapoa. Nilimwonea huruma, nikakataa hela, na njiani kwenye bajaji nilikuwa nimeamua hata hiki nisikiandike.

Halafu nikafika nyumbani, nikaitafakari ile kauli, moto ukawaka upya. Unamfundishaje mtu kupaka gundi kwenye jicho la mwenzake bila kumfundisha kuitoa? Na kutoa unakulipisha!

Binti naye aliitwa. Alisema pole. Akaongeza, "Lakini dada, macho yako nayo..." akaishia hapo. Ile "nayo" sijaisahau. Macho yangu nilikuja nayo, nikayaeleza, mwenye saluni akayaelewa na kuyatunza mchana kutwa. Hayakuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo mkiniuliza niwaambie nini, nilikuwa nimeshaandika "msiende". Nimeifuta. Mkono wa yule mama sijauona kwingine, kuanzia Shangani mpaka Magomeni, na wenye macho kama yangu tunahangaika sana kumpata mtu wa kutusikiliza. Nendeni akawapambe. Kutolewa, jitoleeni wenyewe nyumbani, hata kama mmeshalipia, hata kama ni saa saba za usiku na miguu inauma. Lakini nikiandika hivi nalikumbuka lile jicho na picha za Lindi, na mkono unakuwa mzito kuandika "nendeni".

Binamu yangu anaolewa karibuni. Mwenye saluni amenipigia simu, anasema safari hii atanipamba yeye na kunitoa yeye mwenyewe. Nimemwambia nikija nitakuja kupambwa tu, anipunguzie hela ya kutoa, pamba na mafuta vipo kwa shangazi. Amekubali kushusha elfu kumi. Bado sijamjibu.