Rekodi zimefika zote, namba zimeharibika

Naandika hasira haijanitoka. Tulikuwa tunahamisha kanzidata ya malipo kutoka Oracle kwenda PostgreSQL (mifumo miwili ya kuhifadhi data), mamilioni kwa mamilioni ya rekodi, na kazi yote tukaiachia programu ya kuunganisha mifumo tunayoilipia kila mwaka. Ilipomaliza, skrini ilikuwa kijani tupu. Idadi ya rekodi huku na kule ililingana, tukaenda kulala.

Siku kadhaa baadaye dada wa uhasibu akaniita nitazame malipo ya wateja watatu tofauti, yote yana namba moja ya kumbukumbu. Nikafungua mfumo wa zamani: ya kwanza inaishia 567, ya pili 568, ya tatu 569. Mfumo mpya: 568, 568, 568. Niliishiwa nguvu.

Kumbe ni hivi. Kwenye Oracle unaweza kutengeneza safu ya NUMBER, aina ya safu ya namba, bila kutaja ukubwa, na ikabeba hadi tarakimu 38. PostgreSQL ina aina yake, numeric, inayoupokea mzigo huo bila shida yoyote. Programu hii ikikuta NUMBER isiyo na ukubwa, inaigeuza kuwa dabo, namba ya biti 64 ambayo haikosei namba nzima mpaka 9,007,199,254,740,992 tu. Zetu zina tarakimu 17. Ukishavuka hapo, namba witiri hazina pa kukaa, zinasukumiwa kwa jirani. Na haikutoa onyo, hata mstari mmoja kwenye logi, daftari lake la matukio! Safu ile ingekuwa ufunguo mkuu (safu inayotambulisha kila rekodi), PostgreSQL yenyewe ingegoma kwa namba kujirudia. Haikuwa, basi uharibifu ukapita kimya.

Nikawapigia wenye programu. Kijana aliyepokea simu hakuniacha hata nimalize. "Idadi inalingana, kaka, kwetu kazi imekamilika." Nikamtumia picha za zile rekodi tatu. Akanijibu kwamba data yetu ilikuwa chafu tangu huko ilikotoka. Chafu! Mfumo wa zamani upo, unafunguka, namba zimekaa humo salama, na picha anayo mkononi. Nikaomba kuongea na mkubwa wake, akaniambia nifungue tiketi nyingine, akakata.

Haki yao niwape: kwa kasi, programu hii ni nzuri kweli. Inamimina data kwa mkupuo kwa amri ya COPY badala ya kuingiza rekodi moja moja kwa INSERT, na tofauti ya muda utaiona mwenyewe. Kazi yake ya kusoma logi za Oracle na kuvusha mabadiliko huku watu wakiendelea kutumia mfumo, sijaiona ikikosea. Halafu kuna mahali pa kubadilisha dabo iwe numeric. Tulipobadilisha na kurudia, namba zilifika nzima. Kwa hiyo labda nyota tatu.

Hapana. Nikikumbuka kwamba badiliko lenyewe linafanywa kwa mkono, jedwali kwa jedwali, na limefichwa ndani kabisa ya mipangilio, nyota tatu zinanishinda kuandika. Numeric ipo, kwa nini waanze na dabo? Hizi ni fedha za watu. Mteja mmoja akidai malipo yake, unamwonyesha ya mwenzake! Nyota moja, na hiyo ni ya COPY.

Kama mnaitumia tayari, msizime mfumo wa zamani kwa kuamini hesabu ya rekodi. Wala msiridhike na kujumlisha safu: 567, 568 na 569 ukizijumlisha unapata sawasawa na 568 mara tatu, kwa hiyo jumla nayo ingetudanganya. Piga COUNT DISTINCT (hesabu ya namba zilizo tofauti) pande zote mbili, kila safu yenye namba ndefu. Sisi tulipoipiga ndipo tulipojua kwamba wale wateja watatu walikuwa mwanzo tu.

Bosi ameuliza kama tulipie mwaka mwingine. Nimemwambia kwanza watuandikie, kwa maandishi, kwamba data yetu haikuwa chafu.