Flashi moja na mwavuli mmoja: mwaka wangu na taa za bajeti finyu

Mwaka mzima sasa nimepiga picha za watu kwa flashi moja, mwavuli mmoja wa kulainisha mwanga na stendi moja. Fedha niliyokuwa nayo ilikuwa na kikomo. Niliandika jumla yake juu ya ukurasa wa daftari, nikaigawa mafungu kumi, nikajiapiza kwamba fungu la kumi na moja halipo. Naandika kila fungu lilikwenda wapi na lipi limenilipa, kwa sababu wengi wanaotaka ushauri huniuliza kwanza wanunue taa ngapi, na mimi naamini swali hilo ndilo linalomaliza fedha za watu.

Nalisema kwa uchungu. Kabla ya hapo nilishanunua seti ya taa mbili za balbu zinazowaka muda wote, na softboksi mbili (masanduku ya kitambaa ya kulainisha mwanga) na stendi mbili, vyote ndani ya begi moja. Ukizitazama kwa macho utadhani zina mwanga mkali. Kwa kamera zilikuwa hafifu mno: ili mtoto wa dada yangu aonekane, nilipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, hadi 3200 na kushusha kasi ya shata hadi 1/60 ya sekunde, na mtoto wa miaka minne hatulii kwa 1/60. Kila picha mikono yake ilikuwa ukungu mtupu. Baada ya miezi michache uzi wa skrubu ya stendi mojawapo ukalika, ikawa inashuka yenyewe kidogokidogo huku nikipiga. Niliiuza seti ile kwa hasara.

Kwa hiyo safari hii nusu nzima ya fedha, mafungu matano, ilikwenda kwenye flashi na triga yake, kile kifaa kinachokaa juu ya kamera na kuiamuru flashi iwake. Flashi ni Godox TT600. Haina TTL, yaani haipimi mwanga yenyewe; kila kiasi unakiweka kwa mkono, kuanzia nguvu zote 1/1 hadi 1/128. Wengi huikataa kwa sababu hiyo. Kwangu ndiyo shule niliyoihitaji. Nikiweka taa mita moja kutoka kwa mtu, naanza na 1/16, napiga picha moja, natazama, napandisha au nashusha. Kufikia picha ya tatu nimefika, na kuanzia hapo mwanga haubadiliki hata nguo ya mtu ikiwa nyeupe au nyeusi. Mmweko wenyewe ni mfupi kiasi kwamba yule mtoto sasa anaruka, na vidole vyake vinaonekana kimoja kimoja.

Redio ya 2.4 GHz imo ndani yake, kwa hiyo hununui kipokezi. Na kwa kuwa flashi inakaa mbali na kamera, haijalishi kamera yako ni ya chapa gani. Kinachopaswa kulingana na kamera ni triga. Mimi nilichukua XPro, na hapo utazame herufi ya mwisho: C kwa Canon, N kwa Nikon, S kwa Sony, F kwa Fujifilm. Bei yake ilikaribia ya flashi yenyewe, na moyo uliniuma kulipia kitu kisichotoa mwanga. Lakini triga hiyohiyo itaendesha taa kubwa zaidi za mfumo huo, kama AD200, siku nikiziweza, na inaniruhusu kubadilisha nguvu za taa bila kutoka nilipo. Mtu anayepigwa picha hupoa haraka sana ukianza kwenda na kurudi kwenye stendi.

Stendi nimeitengea mafungu mawili, na hapa sitaki kurudi nyuma hata hatua moja. Nilitaka yenye kubana kwa chuma, miguu mipana, na hewa ndani ya bomba ili sehemu ya juu isianguke kwa kishindo ukilegeza skrubu. Mwavuli uliofunguliwa ni tanga la jahazi. Alasiri moja nje, upepo mwepesi tu, stendi ikainua mguu mmoja kabisa kutoka chini, na niliidaka kwa mkono nikiwa tayari nimeuona mwisho wa flashi yangu. Tangu siku hiyo mfuko wa mchanga unaning'inia kwenye mguu ulio upande wa taa, ndani na nje.

Mwavuli ndicho kitu cha bei nafuu kuliko vyote na ndicho kilichobadilisha picha zangu zaidi. Nilinunua wa sentimita 110, mweupe, wenye koti jeusi linalovuliwa. Ukivua koti, mwanga unapita kitambaani na kumfikia mtu; ukilivisha, unaugeuza mwavuli na mwanga unarudi bila kumwagika nyuma. Pamoja na kishikio cha S2, kinachobana flashi kiunoni badala ya kuining'iniza kwa mguu wake, fungu moja lilitosha.

Niruhusu nikae hapa kidogo. Siku niliyouelewa mwavuli huu nilikuwa nampiga mama yangu picha, mbele ya ukuta mweupe. Taa ilikuwa mita tatu kutoka usoni mwake, ukuta mita mbili zaidi nyuma yake. Picha ikatoka safi lakini bapa, na ukuta ukang'aa kama karatasi. Nikavisha koti, nikasogeza mwavuli hadi mita moja tu kutoka usoni, na kumwondoa mama kwenye mstari wa ukuta sikumwondoa. Nilishusha nguvu ya flashi tu. Ukuta uleule ukawa kijivu iliyokolea. Hesabu yake ni nyepesi: mwanga ukienda umbali mara tatu hubaki sehemu moja ya tisa. Uso ulikuwa mita moja kutoka kwenye taa, ukuta mita tatu. Na kwa kuwa mwavuli ulikuwa karibu, kwake ulikuwa mkubwa kama dirisha, vivuli vya mikunjo yake vikalainika bila kufutika. Kulikuwa na tatizo la miwani; mwavuli mzima ulionekana kwenye vioo. Nilipandisha stendi taratibu, mama akainamisha kidevu kidogo, na ule weupe ukateleza juu ya fremu hadi ukatoweka, ukabaki mng'aro mmoja mdogo kwenye kila jicho.

Ukiwa na chumba kidogo chenye kuta nyeupe, ujue giza hilo la nyuma litakusumbua, maana mwanga unadunda kila mahali. Kitambaa cheusi upande mmoja kinasaidia.

Fungu la tisa ni betri nane za Eneloop na chaja. Flashi inakula nne za AA kwa wakati mmoja, nne nyingine zinakaa mfukoni. Usiweke za kutupa. Kufikia mara ya tatu zimekugharimu zaidi ya hizi. Kwa nguvu zote kunakuwa na kusubiri sekunde kadhaa kati ya mmweko na mmweko, na hilo ndilo lalamiko langu kubwa kwa flashi za AA. Anayepiga sherehe usiku kucha atazame V860 yenye betri ya lithiamu. Pia jua la mchana kweupe linaishinda flashi moja ikiwa nyuma ya kitambaa: shata ikizidi 1/200 au 1/250 unapata utepe mweusi kwenye picha, na ukiwasha HSS, yaani hali ya flashi kwenda na shata ya kasi kubwa, ili kuukwepa, nguvu nyingi zinapotea. Mimi huhamia kivulini tu.

Fungu la kumi limenunua mfuko ule wa mchanga, ubao mweupe wa povu ninaouegemeza upande wa giza wa uso, na karatasi angavu za rangi ya chungwa ziitwazo CTO. Nikifika kwenye chumba chenye balbu za njano, nabandika CTO moja mbele ya flashi, naweka mizani ya rangi ya kamera kwenye alama ya balbu, na ngozi ya mtu na taa za nyuma yake zinaongea rangi moja. Zimebaki sarafu chache kwenye bahasha iliyomo ndani ya daftari. Juu yake nimeandika: TT600 ya pili, kwa ajili ya kumulika nywele.